Uhuru wa Mwandishi na Deni la Nyumba Yake

Kuna fundisho lililoenea siku hizi miongoni mwa watunzi wa riwaya wanaojichapishia vitabu vyao wenyewe. Fundisho hilo lasema kwamba mtunzi aliyejitenga na mchapishaji yu huru. Kwamba uhuru huo hulindwa kwa ratiba. Na kwamba ndoa, watoto, wazee na wagonjwa ni mawimbi yaipigayo ratiba hiyo, hivyo mtunzi mwenye bidii hana budi kujenga ukuta wa kuyazuia. Fundisho hili lina sura nzuri. Husifu juhudi, hulaani uvivu, na humpa kijana asiye na mtaji tumaini la kusimama peke yake. Lakini ndani yake mna kosa kubwa la hesabu. Mapato ya mwandishi huandikwa katika daftari moja, na sehemu kubwa ya gharama zake katika daftari jingine ambalo halifunguliwi kamwe. Daftari hilo la pili ni la nyumba yake.

Haki ya fundisho hili na itajwe kwanza, kwa kuwa shauri lisilotambua haki ya mpinzani ni ugomvi mtupu. Aghalabu mtunzi anayejichapishia hakuchagua njia hiyo kwa kiburi. Mswada waweza kulala katika kabati la mchapishaji miaka mingi, na umri wa binadamu haulali pamoja nao. Shaaban Robert alifariki dunia tarehe 20 Juni 1962. Kufikirika ilitoka mwaka 1967, na Utubora Mkulima mwaka 1968. Mtu ambaye nathari ya Kiswahili inawiwa naye mengi hakuzishika mkononi riwaya zake hizo mbili zikiwa vitabu. Hatari ya kuwategemea wengine aliijua mapema, na mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi ya kazi zake zilitolewa Tanga kwa jina la Art and Literature, nyumba ya uchapishaji aliyoianzisha mwenyewe. Baada yake Ben Mtobwa, mtunzi wa riwaya za upelelezi, alianzisha Heko Publishers mjini Dar es Salaam. Mwaka 2007 kampuni ya Amazon iliwafungulia watunzi mlango wa kuuza wenyewe vitabu vya kielektroniki, na leo wako watunzi wa Afrika Mashariki wapelekao riwaya zao sura kwa sura kwenye simu za wasomaji, na kupokea malipo kwa simu hizo hizo. Kuwadharau watu hawa ni ujinga. Njia yao ni halali, na mara nyingi ndiyo pekee iliyo wazi. Lililo potovu ni hadithi wanayosimuliwa juu ya uhuru wao.

Mchapishaji anapoondoka, kazi yake haiondoki naye. Lazima awepo mtu wa kusahihisha mswada, mtu wa kupatana na mpiga chapa, mtu wa kuchagua jalada, mtu wa kupanga bei, mtu wa kubeba maboksi hadi kituo cha basi, na mtu wa kumkumbusha muuza vitabu kwamba fedha ya nakala alizochukua mwaka jana haijalipwa. Kila moja ya kazi hizi ina tarehe yake. Zaidi ya hayo, msomaji aliyependa sehemu ya kwanza huidai ya pili, na mtunzi anayeuza sura kwa sura anajua kwamba juma moja la kimya laweza kumpotezea wateja. Basi tarehe huzaa tarehe. Siku ina saa 24 kwa mwandishi kama kwa mvuvi. Saa za kazi mpya zinatoka wapi? Fundisho hujibu: zinatoka katika nidhamu. Jibu hilo halitoshi. Saa haiumbwi na nidhamu. Nidhamu huihamisha tu kutoka mahali pamoja hadi pengine. Saa aliyoipata mwandishi mezani, mara nyingi mtu mwingine ameitoa jikoni, kisimani, sokoni au kando ya kitanda cha mtoto mwenye homa.

Mfano upendwao na walimu wa ratiba ni Anthony Trollope wa Uingereza. Yeye hakujichapishia, lakini utaratibu wake umefanywa kielelezo cha kila mtunzi mwenye kazi nyingine ya kumlisha. Alikuwa mtumishi wa posta mpaka mwaka 1867. Alikaa mezani saa kumi na moja na nusu alfajiri, akaweka saa mbele yake, akajilazimisha kuandika maneno 250 katika kila robo saa. Alipokufa mwaka 1882 alikuwa ametunga riwaya 47. Haya yote husimuliwa kwa sifa. Lakini katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1883, Trollope aliandika jambo jingine ambalo walimu hao hulipita. Alikuwa na mzee mtunza farasi, aliyelipwa paundi 5 za ziada kwa mwaka ili amwamshe na kumletea kahawa, na mzee huyo hakuchelewa hata siku moja. Trollope alikiri kwamba pengine hakuna mtu anayewiwa naye zaidi kwa kufanikiwa kwake. Basi kabla ya mtunzi kuamka, mtu mwingine alikuwa amekwisha amka. Trollope alikuwa mwungwana wa kutosha kulisema hilo na kutaja ujira. Wanaomwiga huchukua saa yake na kumwacha mzee wake gizani.

Mfano wa pili wagusa uchapishaji wenyewe. Mwaka 1865 Fyodor Dostoevsky wa Urusi, akiwa amesongwa na madeni, alitia sahihi mkataba na mchapishaji aitwaye Stellovsky. Kwa rubo 3,000 alimruhusu kuchapa vitabu vyake, na akaahidi riwaya mpya kabla ya tarehe 1 Novemba 1866. Akishindwa, Stellovsky angepata haki ya kuchapa kazi zake kwa miaka tisa bila ya malipo. Oktoba ilipofika riwaya hiyo haikuwa na ukurasa hata mmoja, kwa maana mtunzi alikuwa bado akiandika Uhalifu na Adhabu kwa ajili ya jarida. Aliokolewa na msichana wa miaka 20, Anna Snitkina, aliyejua kuandika kwa hatimkato. Mtunzi alitamka, Anna akaandika, akanakili nyumbani usiku, na kwa siku 26 riwaya ya Mcheza Kamari ikakamilika. Mwaka uliofuata walioana.

Mwaka 1873 watu hao wawili waliamua kujichapishia riwaya iitwayo Mashetani. Katika maneno ya leo Dostoevsky angeitwa mtunzi huru. Lakini aliyezunguka kwa wauza vitabu kuuliza punguzo la biashara yao alikuwa Anna. Aliyepatana juu ya karatasi na chapa alikuwa Anna. Wanunuzi walipobisha hodi katika makao yao kutaka vitabu, aliyewapokea, kuhesabu nakala na kushindana nao juu ya bei alikuwa Anna. Zilichapwa nakala 3,500, na nyingi ziliuzwa katika mwaka huo huo. Wakati huo alikuwa na watoto wawili wadogo, na alikuwa amekwisha mzika mtoto wao wa kwanza mjini Geneva mwaka 1868. Anna alifariki mwaka 1918, miaka 37 baada ya mumewe. Kumbukumbu zake mwenyewe zilitoka kuwa kitabu mwaka 1925. Yule aliyewahisha vitabu vya mwenzake hakuwahi kukiona chake.

Hapana shaka Anna aliifanya kazi hiyo kwa mapenzi na kwa fahari. Hakuna haja ya kumfanya mtumwa ili hoja isimame. Hoja ni kwamba kazi ilikuwapo, ilikuwa kubwa, na uhuru wa mtunzi ulikaa juu yake kama dari likaavyo juu ya nguzo. Anayeuhubiri uhuru huo bila ya kuitaja nguzo anawadanganya wale ambao hawana nguzo.

Na hao ni wengi. Mtunzi wa kike mjini Mwanza au Mombasa, anayefundisha shule mchana, akipika jioni, na kumwuguza mama mkwe usiku, hana mzee wa kumletea kahawa wala Anna wa kumwuzia vitabu. Yeye ndiye Anna wa nyumba nzima. Ratiba iliyotungwa kwa mtu mwenye msaidizi huletwa mbele yake kana kwamba ni ya watu wote, na akishindwa kuifuata huambiwa kwamba hana nia. Hukumu hiyo ni dhuluma. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Fundisho hili lamtaka mwanamke huyu alee mwana kwa mkono mmoja na kuchapa riwaya kwa ule mwingine, kisha limpime kwa kipimo cha mtu mwenye mikono minne.

Watetezi wa ukuta wana jibu moja zito. Husema kwamba sanaa ina wivu. Kwamba kazi kubwa haikufanywa ila na watu waliothubutu kuwanyima jamaa zao. Na kwamba wasomaji wa kesho hawatauliza nani alilala na njaa, watauliza kama kitabu ni kizuri. Ni kweli kwamba mtunzi ahitaji upweke, na mtu asiyeweza kufunga mlango kwa saa mbili hawezi kumaliza riwaya. Lakini kufunga mlango kwa mapatano ni jambo moja, na kuihesabu nyumba kuwa adui ni jambo jingine. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, akahamishwa huku na huku, akaandika katika saa zilizobaki. Katika Maisha Yangu mna utenzi wa Hati, aliomtungia binti yake, na utenzi wa Adili, aliomtungia mwanawe wa kiume. Mkewe Amina alipofariki, alimlilia katika shairi lenye jina lake. Ulezi na msiba, vitu viwili ambavyo ratiba huviita vizuizi, vilimpa baadhi ya kazi zinazosomwa mpaka leo. Kama angalijenga ukuta, angalipata saa nyingi zaidi, na fasihi ya Kiswahili ingalipata maneno machache yenye uhai. Riwaya husema juu ya watu wanaoishi pamoja; mtunzi aliyekoma kuishi na watu hukopa ujuzi wake kutoka vitabu vya wengine, na msomaji huionja upesi ladha ya mkopo huo.

Basi nini kifanyike? Mtunzi anayejichapishia aanze kwa kuandika hesabu ya kweli. Katika bei ya kitabu aingize ujira wa aliyesahihisha, aliyenakili, aliyefunga maboksi na aliyelea watoto, hata kama watu hao ni mkewe, mumewe au dada yake. Fungu la mapato liwafikie kwa haki yao, lisingoje ukarimu, na majina yao yachapwe ndani ya kitabu pamoja na kazi walizozifanya. Mtu asiyekuwa na wasaidizi aruhusiwe kuchelewa bila ya aibu, na msomaji wake aambiwe ukweli kwamba sehemu ya pili itatoka itakapokuwa tayari. Chuo Kikuu nacho kina wajibu. Mwanafunzi anayechunguza riwaya iliyochapishwa na mtunzi mwenyewe huuliza juu ya maudhui, wahusika na mtindo. Na aulize pia kitabu kilifanywa na mikono mingapi. Swali hilo litamfundisha mengi juu ya jamii iliyokizaa kitabu hicho, na litawaondoa gizani watu waliofichwa nyuma ya jina moja la jaladani.

Hakuna lolote katika haya linalompunguzia mtunzi uhuru wake. Mfanyabiashara asiyejua deni lake si huru. Yu karibu kufilisika, na kicheko chake ni cha muda. Mtunzi anayelijua deni la nyumba yake anaweza kupanga tarehe ambazo watu wa nyumba hiyo wamezikubali, na tarehe za namna hiyo ndizo zinazoweza kutimizwa mwaka hata mwaka. Lakini anayeendelea kuliita deni hilo bidii yake mwenyewe, siku moja atafika na kitabu cha kumi mkononi na kukuta hakuna wa kumfungulia mlango. Dawa ya deni ni kulipa, na malipo haya huanza kwa kukiri kwamba deni lipo.