Mzee Kusahau Si Uchawi

Penye wazee haliharibiki neno. Ndivyo tulivyousiwa na wakubwa wetu, na ndivyo tunavyowausia wanetu. Lakini jee, mzee mwenyewe akianza kulipoteza neno, akasahau njia ya nyumbani na jina la mwanawe, sisi tulio naye twamfanyaje?

Swali hili lilinijia nilipokuwa Kitale na Bungoma, katika nchi ya Wabukusu. Huko, akisha kuzikwa mzee wa heshima, watu hukusanyika wakamsikiliza mneni aitwaye omuswala. Husimulia asili ya kabila na koo zake bila ya karatasi mkononi. Yote yamo kichwani. Desturi hiyo huitwa kumuse. Hakika watu hao waijua thamani ya kumbukumbu ya mzee. Hata hivyo nilisikia huko maneno yale yale tuliyoyazoea sisi watu wa pwani: mkongwe akipayuka usiku, husemwa karogwa, au vibaya zaidi, kuwa yeye ndiye mchawi.

Maneno hayo huua. Mwezi wa Oktoba 1021 hadi leo ni mbali, lakini Oktoba 2021 si mbali: akina mama wakongwe wanne waliuawa Marani, Kisii, kwa tuhuma za uchawi. Na kwetu Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo, hata wengine wakakimbilia Kaya Godoma, Ganze, kuokoa roho zao.

Wataalamu wana maelezo mengine. Kidole kikichomwa na mwiba hufura, kikawa chekundu na kupata moto. Huo ni mwako wa askari wa mwili wanaopigana na adui, na vita vikisha huzimika. Uzeeni hauzimiki sawasawa. Hufuka chini kwa chini kama moto wa makumbi. Mwaka wa 2000 Claudio Franceschi wa Italia na wenzake waliipa hali hiyo jina. Chembe zilizochakaa zisizokufa huuchochea, na mafuta ya tumboni vilevile. Ubongo nao una askari wake, nao wakichokozwa kila siku huanza kuviharibu viungio vya neva vinavyohifadhi kumbukumbu. Si kila mzee hupatwa, wala mwako si sababu pekee, lakini ni mojawapo.

Umri hauzuiliki, ila kuni za moto huo twaweza kuzipunguza. Mwaka wa 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilikadiria kuwa karibu asilimia 45 ya maradhi haya yangeweza kuepukwa au kucheleweshwa, lau mambo 14 yangeondolewa. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, tumbaku, ulevi, hewa chafu, uziwi, kukaa bila kutembea, na upweke.

Basi ndugu wasomaji, udhaifu huu wa kutojua baada ya kujua umetajwa katika Suratun Nahl, aya ya 70; si jambo geni kwetu, wala si aibu. Mzee akianza kusahau, tumpeleke hospitali apimwe damu na sukari, si kwa mganga akatafutiwe wa kulaumiwa. Tumwondoe penye moshi wa jikoni, tutembee naye, tumweke barazani penye mazungumzo. Naye akiuliza jambo moja mara kumi, tumjibu mara kumi. Nasi tulipokuwa wadogo tulimuuliza zaidi ya hizo.