Anayelala juu ya lava ana haki ya kuijua

GOMA – Kila mara Nyiragongo inapotoa moshi mwingi au mawingu yake yanapokuwa mekundu usiku, simu za redio za hapa zinaanza kulia. Swali ni lile lile: tukimbie ao tubaki? Mtu anayeuliza hivyo si mwoga. Ni mtu aliyewekwa kuishi chini ya mlima wa moto bila kuelezwa mlima huo unafanyaje kazi.

Hilo ndilo kosa linalopaswa kusahihishwa. Ardhi ya Kivu ya Kaskazini ni kati ya zile ambazo wanasayansi wa dunia wamezichunguza sana. Lakini mama anayetandika mkeka juu ya mawe meusi ya Kanyaruchinya, ao baba anayejenga kibanda kwenye bonde karibu na Lac Vert, mara nyingi ndiye wa mwisho kupata habari. Elimu ya ardhi hii inapaswa kuanzia kwa wanaoilalia, kwa lugha wanayoisema, na kabla ya hatari kufika.

Kwanza, ardhi yenyewe. Mashariki ya Kongo iko juu ya Bonde la Ufa, mahali ambapo bara la Afrika linapasuka polepole sana. Mpasuko huo ndio umetengeneza mstari wa maziwa: Albert, Edward, Kivu, Tanganyika. Pembeni yake ardhi imeinuka ikawa milima. Rwenzori, kule upande wa Beni, si volkano. Ni mwamba wa zamani uliosukumwa juu hadi kufikia meta 5.109 kwenye kilele cha Margherita, na ina barafu karibu kabisa na mstari wa ikweta. Virunga ni jambo lingine. Hiyo ni milima nane ya volkano iliyopangana kati ya Kongo, Rwanda na Uganda. Karisimbi inapita meta 4.500, na Mikeno inaifuata kwa karibu. Kwenye misitu ya mlolongo huo ndiko wanaishi sokwe wa milimani. Sita kati ya hiyo minane imelala. Miwili iko macho, na yote miwili iko Kongo: Nyamulagira na Nyiragongo.

Milima hiyo ilibadilisha hata njia ya maji. Zamani maji ya eneo la Kivu yalikuwa yanaelekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano zilipoinuka zikaziba njia, maji yakajaa, na leo Ziwa Kivu linatoka kupitia kusini kwa mto Ruzizi hadi Tanganyika. Udongo wa volkano za kale ndio unaolisha watu: maharagwe na viazi vya Rutshuru, malisho ya Masisi na jibini yake. Kwa hiyo mkaaji wa Kivu hawezi kuichukia volkano. Imemlisha. Lakini lazima aijue.

Nyiragongo ina meta 3.470, na kilele chake hakifiki kilometa 20 kutoka katikati ya Goma. Lava yake ni nyepesi kuliko lava ya volkano nyingi. Inatiririka kama maji ya mvua kwenye mteremko. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977 ziwa la moto lililokuwa ndani ya mdomo wake lilikauka kwa muda usiofika saa moja. Lava ilishuka kwa kasi ya gari, na watu wengi walikufa vijijini kaskazini ya mji. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava iliingia Goma yenyewe, ikapita juu ya sehemu ya uwanja wa ndege, ikaharibu kanisa kuu la Wakatoliki na maduka ya katikati, ikafika ziwani. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni ya siku ya posho, ilishuka tena, ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama Buhene, si mbali na uwanja wa ndege.

Ndani ya tarehe hizo tatu kuna somo ambalo watu wengi hawajaambiwa. Lava ya Nyiragongo haimwagiki kutoka juu kama chungu kinachochemka. Inapasua ubavu wa mlima na kutokea kwenye nyufa, na mwaka 2002 nyufa hizo zilishuka hadi karibu na mji. Kwa hiyo kutazama kilele peke yake hakutoshi. Mwanga mwekundu wa usiku unatoka kwenye lava iliyo ndani ya mdomo wa volkano, na unaweza kuonekana miaka mingi bila lava kushuka. Na usiku ambao mwanga hauonekani si ahadi ya usalama. Kinachotoa dalili ni mitetemeko ya ardhi, joto, gesi na mabadiliko ya nyufa. Ndiyo maana Goma ina kituo cha kuchunguza volkano, OVG, na rangi nne za tahadhari: kijani, manjano, rangi ya chungwa na nyekundu.

Tukio la 2021 lilionyesha pia kwamba moto si muuaji pekee. Watu walikufa kwenye ajali za barabarani wakikimbia usiku. Wengine walikosa hewa siku zilizofuata walipojaribu kuvuka kwa miguu lava ambayo juu ilikuwa imeshakuwa nyeusi, lakini chini ilikuwa bado inawaka na kutoa gesi. Watoto wengi walipotezana na wazazi. Siku tano baadaye, tarehe 27, mitaa kumi ya Goma iliamriwa kuhama, na mamia ya maelfu wakajaa njia za Sake, Minova, Bukavu, Rutshuru na Rwanda. Wengi walifika mahali ambapo hapakuwa na maji safi wala mahali pa kulala. Mtu aliyejua mapema njia yake, mahali pa kukutana na watoto, na sababu ya kutokanyaga lava mpya, alikuwa na nafasi kubwa ya kupona kuliko jirani yake. Elimu hiyo haiombi pesa nyingi. Inaomba mtu wa kuitoa.

Kuna hatari nyingine ambayo haina moshi wala kelele: mazuku. Neno hili ni la watu wa hapa, na leo wanasayansi wa nchi nyingi wanalitumia vilevile kwenye maandishi yao. Mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini kupitia nyufa. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inajikusanya kwenye mashimo na mabonde madogo kama maji kwenye beseni. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inapanda. Jua na upepo vikija, inapungua. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto aliyeinama kuokota kitu, mbuzi, ao mtu aliyelala chini anakufa kwa muda mfupi.

Sehemu inayojulikana sana kwa mazuku ni ile ya magharibi ya Goma, kati ya mji na Sake, pamoja na pande za Bulengo na Lac Vert. Na ndiko huko familia nyingi zilizokimbia vita za Masisi na Rutshuru zilipewa nafasi ya kusimamisha mahema. Watu hao walitoka kwenye vilima vya udongo ambako bonde ni mahali pazuri: linakinga upepo, linashika maji. Mkulima wa kule akifika kwenye mawe ya Goma akachagua bonde, hakukosa akili. Alitumia akili ya kwao mahali ambapo sheria za ardhi ni nyingine, na hakuna aliyemwambia. Mwanzoni mwa 2025 kambi za pembeni ya Goma zilibomolewa na watu wakatawanyika. Wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa wenyeji ao wanahamahama. Mazuku yenyewe hayakuhama. Anayejenga leo mahali pale pale anajenga juu ya gesi ile ile.

Kwa hiyo yanayojulikana lazima yasemwe wazi. Usilale wala kulaza mtoto kwenye shimo ao bonde la mawe ya volkano. Ukikuta panya, mijusi, ndege ao wadudu wamekufa mahali pamoja, ondoka na uwaambie majirani. Usitume mtoto kuokota kuni kwenye mashimo alfajiri. Na mtu akianguka ndani, usirukie kumtoa. Wengi wamekufa wakifuata ndugu yao. Ita watu, tafuta Msalaba Mwekundu, na kama kuna kamba, mvute kutoka juu.

Lava pia inaeleza mateso ya kila siku. Goma ni mji wa mvua nyingi, lakini hauna mto. Maji ya mvua yanapotelea kwenye nyufa za mawe, na bidoni za manjano zinaenda ziwani. Choo nacho hakichimbiki kwenye mwamba mgumu. Ndiyo sababu kipindupindu hakiondoki kirahisi mahali ambapo watu wamesongamana juu ya lava. Anayesema wakimbizi ni wachafu hajawahi kujaribu kuchimba shimo la choo Kanyaruchinya kwa jembe.

Ziwa Kivu nalo lina gesi nyingi ya kaboni na metani iliyofungwa kwenye kina chake, na habari hiyo inatumiwa mara nyingi kutisha watu. Ni kweli kwamba mwaka 1986, kule Kameruni, ziwa Nyos lilitoa gesi na kuua watu zaidi ya 1.700. Ni kweli pia kwamba lava ya 2002 iliingia Kivu na gesi ya kinani haikulipuka. Rwanda inaivuta metani hiyo na kuzalisha umeme. Hatari ipo, faida ipo, na zote mbili zinahitaji uchunguzi wa kudumu. Uvumi wa WhatsApp hauwezi kufanya kazi hiyo.

Wapo watakaosema kwamba wakati wa vita na njaa si wakati wa kufundisha habari za mawe. Lakini vita ndivyo vilivyowaleta watu juu ya mawe hayo. Familia iliyokwisha kupoteza shamba, mifugo na nyumba haipaswi kupoteza mtoto kwa gesi ambayo ina jina kwa Kiswahili tangu zamani. Wengine watasema habari nyingi zinaleta hofu. Mambo ya 2021 yanaonyesha kinyume: hofu ilikuja kwa sababu watu waliona moto kabla ya kusikia neno lolote. Miezi iliyotangulia, kituo cha uchunguzi kilikuwa kimepungukiwa msaada wa pesa na hata intaneti. Pale anayejua anaponyamaza, uvumi unashika kipaza sauti.

Kabla ya vita kufunga njia, mgeni alilipa dola 300 kupanda Nyiragongo. Alipewa walinzi wa hifadhi wa kumwongoza, alielezwa wapi pa kukanyaga na nini cha kufanya hewa ikibadilika. Hilo lilikuwa jambo zuri. Lakini mkaaji wa chini ya mlima, anayelala hapo kila usiku na watoto wake, anastahili maelezo yale yale bila kulipa.

Yanayotakiwa ni machache. Tangazo la OVG litoke kwa Kiswahili na lugha za vijiji, kila wiki, hata rangi ikiwa kijani. Mashimo ya mazuku yawekewe vibao na alama za rangi, na anayegawa viwanja vya wakimbizi aulize kwanza wachunguzi wa volkano. Viongozi wa nyumba kumi wajue njia za kuondokea na wazionyeshe kwa miguu. Shule zifundishe Nyiragongo kabla ya milima ya Ulaya. Na yeyote anayeshika mamlaka, leo ao kesho, ajue kwamba vifaa vya kupima mitetemeko havina chama wala kabila. Kuviiba ao kuvikosesha pesa ni kuwafunga watu macho.

Nyiragongo itashuka tena. Hakuna anayejua siku. Lakini kati ya sasa na siku hiyo kuna muda, na muda huo ni wa kumwambia kila mtu anakolala ni wapi, na atapitia njia gani.