UFUGAJI BORA: Ndama Hulishwa Tangu Tumboni

Wafugaji wengi wa ng'ombe wa nyama hununua chakula kwa ajili ya maksai atakayeuzwa, lakini ng'ombe mwenye mimba huachwa ajitafutie katika nyasi kavu, kwa kuwa hapelekwi mnadani. Desturi hiyo ina hasara kubwa, nayo huonekana baada ya miaka.

Ng'ombe huchukua mimba siku 280 au zaidi kidogo. Katika miezi ya katikati nyuzi za mnofu wa ndama hufanyizwa. Akisha kuzaliwa nyuzi hizo hunenepa, lakini idadi yake haiongezeki. Kwa hiyo mama akishikwa na njaa kali wakati huo, upungufu huo hauzibiki kwa malisho ya baadaye. Tena, katika miezi mitatu ya mwisho ndama hupata karibu robo tatu ya uzito wake wa kuzaliwa.

Wala mfugaji asitegemee macho tu. Huko Nebraska, Marekani, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2007 ulihusu ng'ombe wenye mimba waliolisha nyasi kavu za majira ya baridi. Baadhi yao waliongezewa chakula chenye protini katika miezi ya mwisho, wengine hawakuongezewa. Ndama walizaliwa na uzito uliokaribiana. Lakini mitamba ile ilipopandishwa, wale ambao mama zao waliongezewa chakula walishika mimba 93 katika kila 100. Wenzao 80 tu.

Katika Laikipia au Kajiado, ng'ombe aliyepandwa katikati ya Juni huzaa mwishoni mwa Machi, na miezi yake mizito huangukia kiangazi cha Januari na Februari. Basi yafaa majani yakatwe yanapoanza kutoa maua wakati wa mvua, yakaushwe na kuwekwa akiba. Kiangazi kikifika, wenye mimba wapewe kwanza, pamoja na lusini au mashudu ya pamba kidogo, maji na chumvi ya mifugo. Ndama mkubwa anayenyonya bado aachishwe mapema, ili mama apate nguvu tena. Lakini asinenepeshwe kupita kiasi, maana atazaa kwa taabu.

Anayemnyima chakula ng'ombe mwenye mimba hajaweka akiba yo yote. Amemkopa ndama ambaye hajazaliwa, na deni hilo litalipwa siku ya mnada.