Nani atagonga mlango wake?



Juma lililopita, kisha kugawa likelemba, tulibaki tumeketi na dada yetu mmoja, fundi wa nguo. Yeye ni kiziwi tangu utoto. Miaka mitatu sasa analipa franga zake bila kukosa, na sisi, tuseme ukweli, hatukuwahi kumuuliza jambo lolote zaidi ya bei ya kushona. Safari hii binti yake, ambaye anasikia, alikaa katikati yetu akitufasiria.

Alitueleza habari ya Mei 2021. Wote tunakumbuka: Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22, kisha alfajiri ya tarehe 27 gavana akatangaza kwamba watu wa kartie kumi za Goma waondoke. Tulibeba matelasi na sufuria. Wengine walishika njia ya Sake, wengine mpaka wa Rwanda, wengine mashua ya Bukavu. Lakini yeye, redio haimwambii kitu, na binti yake alikuwa kwa bibi. Ardhi ilitetemeka chini ya miguu yake, sawa na siku zote zile tangu mlipuko, akaendelea kuosha vyombo. Alipotoka kumwaga maji, aliona avenu ni tupu na mlango wa jirani una kufuli. Alielewa tu alipofika njia kubwa na kuona watu wanavyokimbia.

Jirani yule mwenye kufuli ni mmoja wetu. Alikuwa ameketi pale pale, akalia. Fundi akamshika mkono, akafanya alama fulani ambayo mtoto hakuifasiria, nasi hatukuuliza.

Inchi yetu haikosi sheria. Ilikubali mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za walemavu mwaka wa 2015, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria yetu wenyewe ya kuwalinda. Tunayo haki ya kuisema mbele ya shefu wa kartie na mbele ya muganga. Na tutaisema, kwa sababu fundi huyu alirudi nyumbani mara mbili na mtoto mwenye homa: kwenye kituo cha afya walimwita jina, hakusikia, zamu ikapita. Tulikwenda watatu kuomba wagonjwa wapewe namba kwenye karatasi. Walikubali. Haikuomba pesa yoyote, ni karatasi tu na kalamu.

Wamama wengine wanatuuliza kama mtoto kiziwi anaweza kusoma. Anaweza. Andrew Foster, Mwamerika mweusi ambaye mwenyewe alikuwa kiziwi, alifungua shule ya viziwi kule Ghana mwaka wa 1957, na kisha katika inchi nyingi za Afrika, na ya kwetu pia. Alikufa Desemba 1987, ndege ilipoanguka karibu na Gisenyi, hapa tu ngambo ya mpaka. Wangapi kati yetu walijua? Kwa hiyo mama asimfungie mtoto ndani kwa haya, na jina la «bubu» tuliache. Ana jina alilopewa na wazazi.

Neno kwa wenye watoto wadogo: sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala maji ya majani. Mpeleke kwa muganga. Surua na ugonjwa wa uti wa mgongo vinaweza kuharibu masikio, na sindano kama gentamisini nazo vilevile, zikizidi kipimo. Usinunue dawa ya sindano sokoni.

Siku ile tulijifunza alama tatu: «moto», «kimbia», «njoo nami». Tulicheka sana, maana vidole vyetu ni vigumu kama vya mtoto wa darasa la kwanza. Kila avenu sasa ina wamama wawili wa kwenda kumchukua kiziwi aliye karibu, wa pili kwa sababu wa kwanza anaweza kuwa sokoni. Jirani wa kufuli alijitoa wa kwanza.

Halafu tukaona kitu kwenye daftari. Tangu aingie, fundi huyu anapata likelemba wa mwisho kila mwaka. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Tulimuuliza. Anataka Septemba, wakati masomo yanapofunguliwa. Tumeandika Septemba.