NYUMBA MPYA NA MOTO: TUDAI NINI?



Kutoka Rongo hadi Isebania, na kutoka Oyugis hadi Mbita, nyumba mpya zasimama. Wengine wetu twajenga kwa mkopo wa ushirika, wengine twapanga vyumba vya safu, na wengine twangoja nyumba za Serikali. Sote twauliza bei ya saruji na mabati. Ni wachache tuulizao: moto ukiwaka usiku, watoto watatokea wapi?

Swali hili ni la chama. Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 yakata asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanya kazi, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Tena Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ifaayo au posho ya nyumba. Sisi twasema kwamba nyumba isiyo na njia ya kuokoka moto si nyumba ifaayo.

Huko Wales, tangu 2016, sheria yataka kila nyumba mpya iwe na mabomba ya darini yanayomwaga maji yenyewe moto ukizuka. Ni jambo jema. Lakini mabomba hayo yahitaji maji yenye nguvu usiku na mchana, na mitaani kwetu watu wangali wakinunua maji kwa mitungi, na ziwa liko mbele yao. Bomba kavu halizimi moto. Kwa majumba ya ghorofa tudai tangi na bomba la zimamoto. Kwa nyumba zetu za chini tuanze na haya, ambayo gharama yake ni ndogo fundi akiwa bado kazini.

Kwanza, grili. Mwizi twamwogopa, ndiyo, lakini kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake hufunguka kwa ndani, pasipo kutafuta ufunguo gizani. Machi 2001, katika shule ya Kyanguli, Machakos, wanafunzi 67 walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Pili, ukuta. Katika vyumba vya safu, ukuta wa kati mara nyingi huishia darini. Moto wa jirani hupita juu ya dari, chini ya mabati, ukashukia kwako. Mwashi aupandishe ukuta mpaka kwenye mabati. Ni safu chache tu za matofali.

Tatu, umeme. Soketi zataka waya wa milimita 2.5 za mraba, taa 1.5. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo hupata moto ndani ya ukuta. Kikata umeme kiwepo, na fundi awe na leseni ya EPRA.

Nne, gesi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi ukae nje, au jiko liwe na tundu la hewa chini ya ukuta.

Tano, kengele ya moshi ya betri karibu na vyumba vya kulala, kwa kuwa moshi huua mtu usingizini kabla mwali haujamfikia. Na mtungi wa kuzimia moto ukae karibu na mlango, si nyuma ya jiko.

Yuko atakayesema zimamoto itakuja. Katiba ya 2010 imewapa kazi hiyo magavana na kaunti zao, nasi tuwabane waitimize. Lakini gari litokalo mjini Migori kwenda Macalder, au Homa Bay kwenda Sindo, lina safari ndefu, na moto haungoji.

Basi wajumbe wa matawi wayaandike mambo haya matano katika mapatano yajayo na waajiri. Atakayepewa nyumba ya Serikali akague grili, ukuta na waya kabla ya kupokea ufunguo. Mwenye kujenga amwambie fundi leo, kabla ya lipu. Pesa ni zetu, na watakaolala humo ni watoto wetu.