MAJILIO NA WANAONGOJA

WIKI nne kabla ya Krismasi ndugu zetu Wakristo wa mkoa huu huingia katika kipindi wanachokiita Majilio. Jumapili ya kwanza ya kipindi hicho huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na tarehe 3 Desemba, na tangu hapo hadi mkesha wa Noeli muumini hujitayarisha na kungoja. Mshumaa mmoja huwashwa Jumapili ya kwanza, wa pili Jumapili inayofuata, hadi itimie minne. Sisi tuliokaa chuoni kwa maalimu kabla ya kupelekwa shule ya Serikali hatuna la kuwafundisha ndugu hao juu ya ibada yao. Lakini furaha au huzuni ya nyumba moja kijijini ni jambo la kijiji kizima, na kwa hiyo tunaona yafaa tuseme neno.

Tuchukue familia ya mwalimu aliyepangiwa kazi katika kijiji cha mwambao wa Ruvuma, au ng'ambo ya maji katika Ghuba ya Mnazi. Mwalimu ni mtu wa Masasi, mkewe ni muuguzi wa zahanati, na watoto wao ni watatu. Kanisa liko mbali, na safari ya kulifikia hutegemea maji kujaa na chombo kupatikana. Jumapili za Majilio familia hiyo husali nyumbani pamoja na askari polisi mmoja na mtumishi wa Hifadhi ya Bahari, nao wote hawazidi watu wanane katika kijiji cha Waislamu. Mtu wa mbali angedhani kwamba hapo upweke ndio unaotawala.

Sivyo ilivyo. Mke wa mvuvi ambaye alizalishwa usiku wa manane na muuguzi huyo hasahau. Dau likirudi, changu wawili hutangulia kwa muuguzi kabla ya samaki kupelekwa mnadani. Mwezi wa Ramadhani ilikuwa nyumba ya mwalimu iliyopeleka sahani ya tambi kwa jirani saa ya kufuturu. Desemba sahani hurudi, na kwa desturi ya pwani hairudi tupu. Na siku ya Krismasi yenyewe, mwalimu akiwa amejaliwa mbuzi, humwita jirani yake Mwislamu aje achinje, ili asiwepo wa kuukataa mchuzi. Mbuzi wa namna hiyo hulisha mtaa.

Desturi hii ya kuchinja ni jambo dogo mpaka siku inapovunjika. Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani achinje ulifika hadi ya mtu kupoteza maisha. Kwetu hapa Mtwara tumejifunza pia kwa uchungu wetu wenyewe. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma moto nyumba, na kundi lao hujisingizia dini. Watu kama hao hutafuta kwanza mahali ambapo jirani hamjui jirani. Ndiyo maana hatuoni kwamba sahani ya samaki inayovuka uwanja kati ya nyumba mbili ni habari ya jikoni tu. Viongozi wa ulinzi na usalama wa wilaya wanalijua hilo kuliko sisi.

Yafaa pia tukumbuke jinsi Wakristo walivyofika upande huu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishuka Lindi na watu waliokombolewa kutoka utumwani, akawaongoza hadi Masasi. Watu hao hawakuwa na ukoo wa kuukimbilia wala shamba la kurithi. Wakaanza kijiji upya. Na vita vya ukombozi vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, maelfu ya wakimbizi walivuka Ruvuma, miongoni mwao Wamakonde wengi wa uwanda wa Mueda, Wakristo na wasio Wakristo. Wananchi wa Kusini waliwapokea kwa muhogo uleule waliokuwa nao. Nani leo, katika familia zetu za pande hizi, anaweza kuapa kwamba hana damu ya mtu aliyepokewa?

Sisi wa chuoni tulikaririshwa Juzuu Amma tukiwa wadogo, na humo imo sura ya Al-Maun inayowalaumu watu wanaosali huku wakimnyima jirani msaada mdogo wa vyombo na matumizi. Tunawakumbusha wenzetu wa visiwani na mwambaoni kwamba sura hiyo haikuuliza dhehebu la jirani.

Sasa tuje kwenye fedha, maana kwetu Majilio huja pamoja na korosho. Minada huanza Oktoba, na Desemba inapofika mkulima ama ameshika fedha ama anazisubiri. Hapo ndipo furaha ya familia nyingi hujengwa au huharibika. Kuna baba anayeshuka mjini akiwa na malipo ya msimu mzima, akarudi baada ya siku nne na simu mpya na maumivu ya kichwa. Lakini mbaya zaidi ni yule ambaye, kwa hofu ya watoto kukosa nguo za sikukuu, huuza korosho zake kwa kangomba kwa bei ya kutupa, nyingine zikiwa bado mtini. Januari inapofika nguo imekwishapauka, sare ya shule haipo, na korosho si zake. Ada ya shule za msingi na sekondari za Serikali imefutwa, lakini daftari na viatu bado hununuliwa. Baba na mama wakae pamoja katika majuma haya manne, na watoto wakubwa wakiwapo, wapange fedha hizo kabla hazijafika mkononi. Tumeona nyumba zilizofanya hivyo zikila Krismasi kwa utulivu, kwa kuku mmoja.

Hata hivyo si haki kumlaumu mkulima peke yake. Kipo kungoja kwa aina nyingine, ambako hakuna mshumaa wala wimbo. Novemba 2018 Serikali iliamua kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na bei hiyo ilipokewa kwa shangwe. Lakini malipo ya wakulima wengi yalichelewa hadi mwaka uliofuata, na wenye kangomba wakapata mahali pa kuingilia. Mtu anayengoja Noeli anaijua tarehe. Mkulima aliyekwishakabidhi mzigo ghalani naye anastahili kuijua tarehe yake. Vivyo hivyo mwalimu na muuguzi wa ng'ambo ya maji, ambao nauli ya likizo ikicheleweshwa juma moja, sikukuu yao hupita wakiitazama bahari.

Tanganyika ilipata Uhuru wake tarehe 9 Desemba, 1961, ndani ya juma la kwanza la Majilio ya mwaka ule. Viongozi wetu wanaojitayarisha kwa hotuba za siku hiyo wangeweza kuipa maana ya karibu zaidi. Nauli za watumishi wa visiwani na mwambaoni zitoke kabla shule hazijafungwa. Kila chama cha msingi kibandike kwenye ubao wake, kabla ya Jumapili ya nne ya Majilio, orodha ya minada ambayo wakulima wamekwishalipwa, ile ambayo bado, na sababu ya kuchelewa. Orodha hiyo isomwe pia kwa sauti katika mkutano wa kijiji, kwa ajili ya wazee wasiojua kusoma.