Poliyurethani na Upungufu wa Neno "Awamu"

Ni rahisi mno kuunda istilahi kwa kulitazama neno la Kiingereza peke yake. Mwanafunzi hufungua kamusi, huteua maana ya kwanza aionayo, kisha hudai kwamba kazi imekwisha. Kwa njia hiyo, jambo ambalo wanakemia hulitumia kueleza unyumbukaji wa poliyurethani litaitwa "utengano wa awamu", nasi tutapiga makofi. Maoni yangu ni kwamba jina hilo linapotosha, na mwenye kutaka kujua sababu hana budi kuitazama molekuli yenyewe kabla ya kuitazama kamusi.

Poliyurethani ni polima iliyovumbuliwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937. Sote tunaijua hata kama jina lake ni geni: ndiyo sponji ya magodoro, ndiyo soli ya viatu vingi, na ndiyo uzi unaoifanya soksi ibane mguu. Katika zile zinazonyumbuka, molekuli ni mnyororo mrefu wenye vipande vya aina mbili vinavyofuatana kwa zamu. Kipande laini ni kirefu, hujikunja na kujinyoosha bila taabu; hutokana na polietha au poliesta. Kipande kigumu ni kifupi, nacho hutokana na isosianeti iliyounganishwa na alkoholi fupi au amini.

Vipande vigumu huvutana. Haidrojeni iliyoshikamana na naitrojeni ya mnyororo mmoja huvutwa na oksijeni ya mnyororo jirani, na mivuto hiyo ikiwa mingi, vipande hujipanga pamoja na kuvisukuma vile laini kando. Hata hivyo, haviwezi kuhamana kabisa kama mafuta na maji, kwa kuwa vyote vimefungwa katika mnyororo mmoja. Hutengana papo hapo vilipo, vikaunda visehemu vyenye upana wa takriban nanomita 10 tu. Vigumu hushikilia umbo, laini huruhusu kuvutika.

Kiasi cha utengano huo huamuliwa na muundo. Ukirefusha vipande laini, utengano huongezeka. Ukitumia poliesta badala ya polietha, hupungua, kwa sababu oksijeni ya poliesta nayo huivuta kwa nguvu haidrojeni ya vipande vigumu, hata pande mbili zikachanganyikana. Isosianeti yenye umbo linganifu hupangika vyema kuliko isiyo linganifu. Amini ikichukua nafasi ya alkoholi, mivuto ya haidrojeni huimarika na utengano hukamilika zaidi. Ndivyo zilivyo nyuzi za mavazi yanayovutika.

Sasa turudi kwenye neno. "Awamu" ni kipindi: huja moja, ikaondoka, ikafuatwa na nyingine. Tunasema awamu ya kwanza ya mradi, awamu ya pili ya urais. Katika soli ya kiatu, ugumu na ulaini vipo kwa wakati mmoja, bega kwa bega. Msomaji anayejua Kiswahili vizuri ndiye atakayepotoka zaidi hapa, jambo ambalo ni aibu kwa istilahi yoyote. Neno "hali" nalo tumekwisha kulitwika yabisi, kiowevu na gesi, ilhali soli nzima ni yabisi mkononi. Wapo watakaopendekeza "fezi". Sina ugomvi na ukopaji, ila neno hilo halimwelezi mwanafunzi lolote, na lugha yetu haijafilisika kiasi hicho.

Napendekeza "utengano wa vitongoji". Kitongoji ni makazi madogo yaliyo ndani ya eneo kubwa. Wakaazi wake hufanana, lakini njia huwaunganisha na wengine. Hivyo ndivyo vipande vigumu vinavyokaa katikati ya vile laini. Mafuta na maji, yanayojitenga juu na chini, tuyaachie "utengano wa matabaka".

Najua pingamizi litakalotolewa: wanakemia hutumia neno moja kwa yote mawili, nasi tunaligawa. Ni kweli, na gharama hiyo ipo. Lakini neno "utengano" linabaki pale pale kama kiini cha pamoja, na kivumishi kinachofuata humwambia mwanafunzi kama vilivyotengana vimeachana, au vingali vimeshikana kwa mnyororo.